Mbwa wa jeshi ana cheo? Uliza kwanza ameandikwa daftari gani

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mlinzi wa usiku kwenye ghala moja hapa Tabata, na lindo letu lina mbwa wawili. Mwenzangu anasema katika jeshi la Marekani mbwa ana cheo kikubwa kuliko askari anayemshika kamba, na kwamba askari huyo lazima ampigie saluti. Mimi nimesema hizo ni porojo. Tumewekeana dau la kreti ya soda. Pia tueleze: mbwa mia mbili wa jamii moja wanatofautishwaje? Na akizeeka anapelekwa wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Dau lenu nitaliamua mwishoni, maana nikilitaja sasa utaacha kusoma ukazifuate soda zako, au ukazilipe. Nianze na swali lako la pili. Habari ya cheo haieleweki mpaka ujue mnyama anaandikwaje.

Askari ukimwita gwarideni anaitika: namba, cheo, jina. Mnyama haitiki. Wasimamishe mbwa mia mbili wa jamii ya German Shepherd, masikio wima, mgongo mweusi, na utaona mbwa mmoja aliyerudiwa mara mia mbili. Lakini kila mmoja ana chanjo zake, maradhi yake, kazi aliyofuzu na kasoro anayoijua anayemlisha. Ukichanganya wawili, ukapeleka mbwa wa doria mahali panapotakiwa mbwa wa kunusa mabomu, atapita juu ya bomu mkia ukitikisika. Ndiyo maana jeshi linataka kile ambacho wafugaji wetu walikuwa nacho zamani sana: alama iliyoko mwilini, isiyodondoka wala kuvuliwa.

Njia kongwe ni ya macho tu. Daktari anamzunguka farasi na karatasi mkononi, anaandika nyota iliyo usoni, soksi nyeupe mguu wa nyuma wa kushoto, kovu la begani, na vile vizingo vya shingoni ambapo manyoya yanazunguka kama maji yanayoingia kwenye tundu la sinki. Pasipoti za farasi huko Ulaya hujazwa hivyo mpaka leo. Ila maelezo ya macho yanategemea jicho la aliyeandika, na vitani huyo aliyeandika anaweza kuwa amekwisha kufa. Kwa hiyo wakaja na chuma cha moto.

Waingereza walikuwa na alama moja waliyoipiga juu ya kila mali ya serikali: mistari mitatu inayokutana mahali pamoja, mfano wa unyayo wa kuku. Iliwekwa kwenye mizinga, kwenye mbao, kwenye nguo za wafungwa, na kwenye farasi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, farasi wa Australia waliopelekwa vitani walikuwa zaidi ya 130,000. Walipigwa alama hiyo, pamoja na herufi za jina la afisa aliyewanunua, na namba kwenye kwato moja. Katika wote hao, aliyerudishwa nyumbani baada ya vita ni mmoja, Sandy, farasi wa jenerali aliyeuawa Gallipoli, Uturuki.

Namba ya kwato inahitaji maelezo, maana watu hudhani ni ukatili. Ukuta wa kwato ni kama ukucha wako: umekufa, hauna maumivu. Chuma kinagusa kidogo, moshi unapanda na harufu ya nywele zilizoungua, mnyama amesimama anatafuna. Kasoro yake ni kwamba kwato inakua kutoka juu kwenda chini, karibu sentimita moja kwa mwezi. Namba uliyoichoma leo inashuka polepole, na kabla mwaka haujaisha inafika chini na kukatwa na fundi wa viatu vya farasi. Lazima ichomwe tena na tena. Yaani namba ya kwato inadumu pale tu ambapo kuna mtu anayejali kuirudia.

Na imewahi kuwa jina zima la mnyama. Jeshi la India lilimwandikisha nyumbu mmoja jike mwaka 1962 (nasema nyumbu mtoto wa punda na farasi, baghala, si huyu wa Serengeti). Kwa miaka mingi aliitwa kwa namba ya kwato yake, 15328, basi. Mwaka 1971 alitekwa na Wapakistani. Akatoroka, akavuka mpaka kurudi kwenye kikosi chake akiwa bado amebeba bunduki ya rashasha na masanduku ya risasi aliyofungwa mgongoni na waliomteka. Miaka mingi baadaye ndipo walipoona haya kumwita kwa tarakimu, wakampa jina la Pedongi. Alikufa mwaka 1998.

Wamarekani nao walichoma herufi US kwenye bega la kushoto la farasi, na shingoni wakaweka namba ya mfumo wa Preston, uliobeba jina la afisa aliyeubuni: herufi moja na tarakimu tatu. Ulipofika wakati wa mbwa, katika Vita Kuu ya Pili, hawakubuni kingine. Walichukua mfumo ule ule wa farasi, wakaacha chuma cha moto na kutumia sindano na wino. Tatuu. Mpaka leo mbwa wa jeshi la Marekani ana herufi na tarakimu tatu ndani ya sikio la kushoto.

Tatuu ya sikio naijua kwa mikono yangu, ingawa mimi nimezipiga kwa mbuzi. Una koleo lenye vichwa vya sindano vilivyopangwa kuunda tarakimu. Unasafisha sikio kwa spiriti, unapaka wino, unabana mara moja kwa nguvu kati ya mishipa ya damu, kisha unasugua wino uingie kwenye vitundu. Sharti la kwanza ni kujaribu koleo kwenye kipande cha kadibodi kabla ya kugusa mnyama. Mimi mwaka wangu wa kwanza kazini sikujaribu. Vichwa vya tarakimu nilivipachika juu chini, na mbuzi wa 61 akatoka na 19 sikioni. Mbuzi wa 19 alikuwepo tayari, zizini hapo hapo, na alikuwa dume. Daftari la uzazi la shamba lile lilisema maajabu msimu mzima.

Wino ukififia, usikwangue. Zima taa, weka tochi nyuma ya sikio, mwanga upite kwenye ngozi. Namba itatokea kama alama ya maji kwenye noti.

Ndiyo maana mbwa maarufu wa vita vya Vietnam ametajwa kwa namba yake hadi kwenye kumbukumbu: Nemo A534, mbwa wa lindo wa jeshi la anga la Marekani. Usiku wa tarehe 4 Desemba 1966, kwenye kiwanja cha ndege cha Tan Son Nhut, alipigwa risasi usoni akapoteza jicho, na bado akawavamia waliompiga, kisha akajikokota akamlalia askari wake aliyejeruhiwa. Hiyo A534 huwezi kuitenga na jina, kwa sababu akina Nemo wanaweza kuwa watano. A534 ni mmoja.

Siku hizi inaongezwa chipu, ndogo kama punje ya mchele, inayochomwa kwa sindano chini ya ngozi na kusomwa kwa mashine, tarakimu 15. Ni nzuri, lakini tatuu haikuondolewa, kwa sababu tatuu husomwa hata mashine ikiisha chaji. Kwa njiwa hakuna sikio, kwa hiyo ni pete ya mguuni. Kinda anavishwa akiwa na umri wa wiki moja hivi. Mguu unakua na pete haitoki tena. Na pete inasomeka kama barua. Yule njiwa aliyeitwa G.I. Joe, ambaye tarehe 18 Oktoba 1943 alifikisha ujumbe uliozuia ndege za Wamarekani kupiga mabomu mji wa Italia ambao Waingereza walikuwa wameshauteka, alikuwa USA43SC6390: nchi, mwaka, kikosi cha mawasiliano, na yeye mwenyewe. Medali ya Dickin, ambayo Waingereza huwapa wanyama wa vita, aliipata mwaka 1946. Kwenye pete yake hakuna cheo.

Alama ni ufunguo tu. Mlango ni faili. Mbwa wa jeshi la Marekani ana karatasi yake ya utumishi, fomu DD 1834, na akifa anajaziwa DD 1743, hati ya kifo. Kati ya hizo mbili kuna rundo la kumbukumbu za daktari na za mafunzo. Askari wake anaandika kila siku ya mazoezi: vilifichwa vitu vingapi, amevipata vingapi, amevikosa vingapi. Mbwa wa mabomu, ili apewe cheti, anatakiwa afikishe asilimia 95. Wa dawa za kulevya anaruhusiwa 90, kwa sababu bangi ikikosewa hailipuki. Hata jina lina habari ndani yake: watoto wanaozalishwa na jeshi lenyewe kwenye kituo cha Lackland, Texas, hupewa jina lenye herufi ya kwanza mara mbili, mathalani Bbella. Ukiona jina la hivyo unajua hakununuliwa Ulaya kama wenzake wengi. Jeshi la Uingereza nalo huwapa farasi walioingia mwaka mmoja majina yanayoanza na herufi moja, ukisikia jina tu unakadiria umri wa utumishi.

Ukiniuliza mimi, ile asilimia ndiyo cheo cha mbwa. Ndiyo inayoamua apelekwe wapi na nani amwamini.

Sasa cheo chenyewe. Kwenye karatasi, mbwa wa jeshi la Marekani hana cheo. Kilichopo ni desturi ya vikosini: mbwa huhesabiwa ngazi moja juu ya askari wake. Ukiwa koplo, mbwa wako ni sajini. Maelezo wanayotoa ni kwamba kumpiga mbwa kutakuwa sawa na kumpiga mkubwa wako, kosa la kufikishwa mahakamani. Ni mzaha wenye busara, na maofisa wanauacha uendelee kwa kuwa unamkumbusha kijana wa miaka 19 kwamba kamba aliyoishika si ya kuvutia mzigo. Lakini hakuna mshahara, hakuna barua ya uteuzi.

Vyeo vya kweli, vyenye barua, vipo. Mbuzi dume William Windsor wa kikosi cha Royal Welsh cha Uingereza alikuwa lansi koplo, namba ya jeshi 25232301, na posho yake ilikuwa na sigara mbili kwa siku, za kula. Mwaka 2006 huko Cyprus, kwenye gwaride la kuzaliwa kwa Malkia, alivunja mstari akataka kumpiga pembe mpiga ngoma. Alishtakiwa kwa kukaidi amri, akavuliwa cheo kwa miezi mitatu. Farasi anayebeba ngoma kubwa za wapandafarasi wa kasri huko London ni meja. Na kwenye bustani ya wanyama ya Edinburgh kuna ngwini wa Kikosi cha Walinzi wa Mfalme wa Norway, Nils Olav, aliyeanza na ulansi koplo mwaka 1972 na kufika meja jenerali mwaka 2023. Ngwini akifa, mwingine hurithi jina na nyota zake. Sioni ubaya, lakini hiyo ni michezo ya wakati wa amani.

Kinachonigusa zaidi ni wale walioandikishwa kwa shida. Kuna nyakati askari waligundua kwamba mnyama akibaki kwenye leja ya stoo, au asipoandikwa popote, ataangamia, na kwamba dawa ni kumhamishia kwenye rejesta ya watu. Huko Simon's Town, Afrika Kusini, mabaharia wa Uingereza walikuwa na mbwa mkubwa mno aliyezoea kupanda nao treni kwenda Cape Town. Shirika la reli likachoka: alipiwe nauli au auawe. Agosti 1939 wakamwandikisha jeshini, kwa kuwa baharia alisafiri bure. Fomu ilitaka majina mawili, wakaandika Just Nuisance, yaani Kero Tupu. Kazi yake: mvunja mifupa. Akawa na karatasi ya makosa kama baharia yeyote, na alipokutwa amelala kitandani kwa mkubwa wake aliadhibiwa kunyimwa mifupa siku 7. Mwaka 1944 kule Alexandria, Misri, dubu wa jeshi la Poland, Wojtek, alizuiwa kupanda meli ya kwenda Italia kwa sababu wanyama wa kufugwa hawakuruhusiwa. Wakamwandika askari wa kombania ya 22 ya kusambaza risasi za mizinga, akapewa namba, akapanda. Kwenye mapigano ya Monte Cassino, Italia, alibeba makreti ya risasi pamoja na wenzake.

Na wa tatu amelala kwetu. Judy alikuwa mbwa jike wa manowari za Kiingereza, mweupe mwenye mabaka ya hudhurungi, aliyezaliwa Shanghai mwaka 1936. Meli yake ilizamishwa mwaka 1942, naye na mabaharia wakaishia kambi ya mateka ya Wajapani huko Medan, Sumatra. Mbwa kambini hakuwa na ulinzi wowote. Walinzi wangeweza kumpiga risasi au kumpika. Mwanajeshi wa anga aliyekuwa akigawana naye wali wake, Frank Williams, alimsubiri mkuu wa kambi mpaka akalewa, akamshawishi amwandike kuwa mfungwa rasmi wa vita. Akapata namba: 81A. Herufi moja na tarakimu mbili, na kuanzia hapo aliyemgusa alikuwa anagusa kitu kilichomo kwenye hesabu ya mkuu.

Baada ya vita alipewa Medali ya Dickin. Williams akapata kazi kwenye ule mradi wa karanga wa serikali ya Kiingereza, uliokula fedha kuliko ulivyotoa karanga, akaja naye Tanganyika. Judy alikufa Nachingwea, Februari 1950, akazikwa huko huko, na Williams akamjengea kaburi la mawe lenye bamba la maandishi. Mfungwa wa vita pekee wa jamii ya mbwa aliyesajiliwa katika vita ile yuko mkoani Lindi.

Swali lako la mwisho, akizeeka anapelekwa wapi, jibu lake limo humo humo. Vietnam walitumika mbwa wanaokadiriwa 4,000 wa Marekani. Waliorudi ni kama 200. Nemo alikuwa miongoni mwao. Wengine waliuawa kwa sindano au kuachiwa jeshi la Vietnam Kusini. Usidhani walioshika kamba zao hawakuwapenda. Wengine walilia, wanalia mpaka leo. Ila kwenye leja mbwa alikuwa kifaa, na kifaa kilichochakaa hakisafirishwi. Ule usajini wa mdomoni haukumpandisha ndege hata mmoja. Kilichobadilisha mambo ni sheria ya Novemba 2000, inayojulikana kwa jina la mbwa Robby, iliyoruhusu mbwa wanaostaafu kuchukuliwa na askari wao au na familia za raia. Mwaka 2012 wabunge walitaka waende mbali zaidi, mbwa aondolewe kundi la vifaa. Kipengele hicho kilinyofolewa kabla ya sheria kupita.

Usiwacheke Wamarekani haraka. Mwaka 1916, Waingereza walipoingia Tanganyika kupigana na Wajerumani, farasi na nyumbu wao walikufa kwa mbung'o, maelfu kwa maelfu. Mnyama alipokwisha, mzigo ukahamia kichwani kwa watu. Kariakoo unapopandia daladala imebeba jina la kikosi cha wapagazi hao, Carrier Corps, na Nairobi wana Kariokor yao. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba angalau watu 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Farasi wa Australia alikuwa na namba kwenye kwato.

Basi, dau. Mwenzako ana haki kidogo: desturi ya mbwa kuwa ngazi moja juu ipo, hakuitunga. Lakini saluti hapana, na sababu ni ndogo kuliko mlivyodhani: katika jeshi la Marekani sajini hapigiwi saluti, awe na miguu miwili au minne. Saluti ni ya maofisa. Kreti ina chupa 24. Chukua 18, sita mwachie.

Na kabla hamjafungua hata moja, wageuzeni masikio hao mbwa wenu wawili mkiwa na tochi, kisha mwulizeni msimamizi awaonyeshe kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa ya kila mmoja, yenye jina lake. Akiwaletea kadi moja kwa mbwa wawili, niandikie tena.